Kubadilishiwa mafuta yote ya breki kwa mzee wa Ngamiani, Tanga

Mwezi uliopita nililipia kazi ambayo, kwa miaka sita niliyomiliki gari, sikuwahi kuiomba wala kuambiwa na fundi yeyote kwamba ninaihitaji, nayo ni kutoa mafuta yote ya breki yaliyozeeka na kujaza mapya, gurudumu moja baada ya jingine, mpaka yale ya zamani yaishe kwenye mabomba. Aliyeifanya ni fundi wa breki mwenye gereji ndogo Ngamiani, katika mojawapo ya zile barabara zetu za namba hapa Tanga. Gereji haina kibao. Watu wa mtaani husema "kwa mzee wa breki", na dereva wa bajaji wa maeneo hayo atakufikisha bila kuuliza mara mbili. Ninaandika tathmini hii kwa kirefu kwa sababu nimegundua kwamba wengi wetu tunaoendesha magari yaliyotumika Japani hatujawahi kuipata huduma hii, kwa kudhani kuwa kuongeza mafuta kwenye kikopo cha breki kilicho chini ya boneti ni sawa na kuyabadilisha.

Gari langu ni Toyota IST ya mwaka 2004, yenye diski mbele, dramu nyuma na mfumo wa ABS, yaani ule unaozuia magurudumu kujifunga unapokanyaga breki kwa nguvu. Miezi mitatu iliyopita nilikuwa nikiteremka kutoka Lushoto kwenda Mombo, mama yangu mzazi akiwa kiti cha mbele na viroba vya viazi vikiwa nyuma. Anayeijua barabara hiyo anajua kwamba kwa takriban kilomita 33 unashuka karibu mita elfu moja, kona baada ya kona, mlima ukiwa upande mmoja na bonde upande wa pili. Niliiacha gia kwenye D tangu tulipoondoka, jambo ambalo lilikuwa kosa langu, na mguu wangu ulikaa kwenye breki karibu muda wote. Tulipopita Soni pedeli ilianza kuwa laini. Kona mbili tatu baadaye ilizama hadi karibu na sakafu, na gari likawa linapunguza mwendo kidogo tu ilhali nimekanyaga kwa nguvu zangu zote. Nilishusha gia, nikavuta breki ya mkono taratibu, na kwa rehema za Mungu tukasimama mahali palipokuwa na nafasi kando ya barabara. Mama hakusema neno; alikuwa ameushika mkanda kwa mikono miwili. Tulikaa pale zaidi ya nusu saa, na nilipokanyaga tena, pedeli ilikuwa ngumu kama kawaida, kana kwamba hakuna lililotokea.

Siku iliyofuata nilikwenda kwenye gereji niliyoizoea, ambayo sitaitaja. Walifungua magurudumu ya mbele, wakaangalia pedi, wakaona bado nene. Wakafungua boneti, wakatazama kikopo cha mafuta ya breki, wakaona yamepungua kidogo, wakaongeza hadi kwenye alama ya juu. "Dada, breki ziko safi kabisa," niliambiwa, na nikalipa. Ilikuwa mara ya tatu kwa gereji hiyo kuniongezea mafuta ya breki ndani ya miaka hiyo sita, na kila mara niliondoka nikiamini kwamba nimehudumiwa.

Ni shemeji yangu, aliyewahi kuendesha malori, ndiye aliyenielekeza Ngamiani. Nilifika saa tatu asubuhi. Mzee alikuwa amekaa kwenye kigoda akisafisha silinda ya gurudumu la pikapu. Nilimwamkia, akaitikia, kisha nikamsimulia yaliyotukuta chini ya Soni. Hakufungua boneti wala hakupanda kwenye gari. Aliniuliza swali moja tu: "Mwanangu, gari lilipopoa, pedeli ilirudi?" Nilipojibu kwamba ilirudi, akasema, "Basi mafuta yalichemka. Tuyapime kwanza kabla hujatoa hela yako."

Maelezo aliyonipa, ambayo baadaye niliyasoma zaidi mwenyewe na kuyaona ni sahihi, yanastahili kuelezwa kwa makini kwa sababu ndiyo yanayoonyesha unalipia nini. Mguu wako unapokanyaga pedeli, nguvu hiyo husafirishwa hadi kwenye magurudumu na kimiminika kilichojaa kwenye mabomba, na husafiri vizuri kwa sababu kimiminika hakibanwi kikapungua ujazo. Tunakiita mafuta, lakini jina hilo linapotosha. Kimiminika cha breki cha magari yetu hakina uhusiano na mafuta ya injini. Kimetengenezwa kwa kemikali za jamii ya glaikoli, na tabia yake kubwa ni kunywa unyevu kutoka hewani. Unyevu huo huingia kidogokidogo kupitia tundu dogo la kupumulia kwenye kifuniko cha kikopo, na hata kupitia kuta za mipira inayounganisha mabomba na magurudumu. Katika mji wa pwani kama Tanga, ambako chumvi ya mezani hushikana kwenye kichupa chake, mtu anaweza kukisia unyevu unaozunguka gari lililoegeshwa nje usiku na mchana. Maji yakishachanganyika humo, kiwango cha joto ambacho kimiminika huchemka hushuka sana. Kwenye mteremko mrefu diski hupata moto mkali, moto huo huhamia kwenye pistoni inayosukuma pedi na kufika kwenye kimiminika, na kikichemka hutoa mapovu ya mvuke. Mvuke hubanwa. Hapo mguu wako hubana mvuke badala ya kusukuma pedi, na pedeli huzama. Gari likipoa mvuke hugeuka tena kuwa kimiminika, pedeli hurudi, na fundi anayelipokea kesho yake haoni kosa.

Viwango vya Marekani vya DOT, vinavyoandikwa kwenye chupa zote za mafuta ya breki tunazonunua, vinaonyesha tofauti hiyo kwa namba. DOT 3 ikiwa mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi joto 205 za Selsiasi, lakini ikishapata maji ya takriban asilimia 3.7 kiwango kinachokubalika kinashuka hadi 140. Kwa DOT 4 namba hizo ni 230 na 155. Maana yake ni kwamba sehemu ndogo ya maji, ambayo huwezi kuiona kwa macho, inakunyang'anya zaidi ya nyuzi 60 za usalama, na mafuta yaliyokaa muda mrefu zaidi huendelea kushuka.

Kipimo alichotumia mzee ni kifaa chenye umbo la kalamu, chenye ncha mbili za chuma na taa za kijani, njano na nyekundu. Huwashwa na kuchovya kwenye mafuta, nacho hupima jinsi umeme unavyopita, kwa kuwa maji yakiongezeka umeme hupita kwa urahisi zaidi. Alichovya kwenye kikopo, na taa ikawa ya njano. Kwa hesabu ya mtu mwenye haraka, hali hiyo ingesomeka kuwa bado kuna muda. Mzee alitikisa kichwa akasema kwamba pale amepima mafuta niliyoongezewa juzi, si yale yaliyo kwenye magurudumu. Akalegeza skrubu ya kutolea upepo kwenye gurudumu la nyuma kushoto, akakinga mafuta kidogo kwenye kifuniko cha chupa, akachovya tena kalamu. Taa nyekundu ikawaka hadi mwisho. Nilisogea kuyaangalia yale mafuta. Yalikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyochemka mno, na chini ya kifuniko kulikuwa na chembe nyeusi zilizotua taratibu kama masalia ya kahawa.

Kwangu mimi dakika hiyo peke yake ilitosha kuhalalisha safari. Mafuta ya kwenye kikopo na mafuta ya kwenye gurudumu ni kana kwamba yanaishi nyumba mbili tofauti. Hayazunguki kama mafuta ya injini, bali husogea kidogo mbele na nyuma unapokanyaga. Kuongeza juu hakuyafikii ya chini. Kuongeza huko kulikuwa kumefanya kikopo kionekane kisafi na kumeuficha uchafu ambao ndio ulionizamishia pedeli. Isitoshe, mafuta hupungua kikoponi pedi zinapolika kwa sababu pistoni husogea nje na kuacha nafasi inayojazwa na mafuta, hivyo kupungua polepole si lazima kuwe ni dalili ya kuvuja. Mzee alinionyesha chini ya masta silinda, ile pampu kuu inayosukumwa na pedeli, mahali ambapo rangi ya gari ilikuwa imebabuka ukubwa wa kiganja. Kwa maoni yake, siku nilipowekewa pedi mpya na pistoni zikasukumwa ndani, mafuta yaliyokuwa yameongezwa mpaka juu yalifurika, na kimiminika hiki hula rangi kisipooshwa mara moja kwa maji. Sikuwa nimewahi kujiuliza ule ubabukaji ulitoka wapi.

Nilikuwa nimekuja na chupa yangu ya nusu lita ya DOT 4 niliyoinunua kwenye duka la spea njiani. Mzee aliifungua kifuniko, akatazama mdomo wa chupa, akanirudishia. Karatasi ya fedha inayoziba mdomo ilikuwa imechanika upande mmoja. Alisema kwa upole kwamba hajui chupa hiyo imefunguliwa lini na nani, na kwamba chupa iliyofunguliwa ikakaa rafuni inakunywa unyevu hukohuko dukani, kwa hiyo anaweza kunitolea mafuta mabovu na kunitilia mafuta yaliyokwisha kuanza kuharibika. Fundi mwingine angeyatumia na mimi nisingejua. Kijana wake, yule saidia fundi, alikwenda duka jingine akaleta chupa ya lita moja iliyozibwa vizuri, na mzee akanipa mimi niifungue kwa mkono wangu.

Niliuliza kama DOT 4 inafaa, kwa kuwa kitabu cha gari langu, ambacho ni cha Kijapani na sisomi chochote ndani yake isipokuwa namba, kimeandikwa BF-3 kwenye ukurasa wa breki. Alieleza kwamba BF-3 ni kiwango cha Japani kinacholingana na DOT 3, na kwamba DOT 4 ni ya jamii ileile yenye uwezo mkubwa zaidi wa kuhimili joto, kwa hiyo inaruhusiwa. Onyo alilolitilia mkazo lilikuwa kuhusu DOT 5, ambayo licha ya namba yake kufuatana na nyingine ni kitu tofauti kabisa kilichotengenezwa kwa silikoni, haichanganyiki na hizi na haifai kwa gari kama langu. Onyo la pili lilikuwa kali zaidi. Mafuta ya injini, ya gia au ya usukani hayatakiwi kugusa kikopo hicho hata tone, kwa sababu mipira iliyomo kwenye masta silinda na kwenye magurudumu huvimba ikikutana nayo, na kuanzia hapo huna namna ila kubadilisha mipira yote na kuosha mabomba. Alisema amepokea magari ya namna hiyo, ambayo wenyewe walikwama njiani wakaongezea walichokuwa nacho kwenye buti, wakiamini kwamba mafuta ni mafuta.

Kazi yenyewe ilianza kwa kunyonya mafuta yote ya kikopo kwa bomba la sindano kubwa, kufuta ndani kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, na kujaza mapya. Gari lilinyanyuliwa kwa jeki na kuwekwa juu ya stendi za chuma pande zote nne. Nilifurahi kuona hivyo, kwa sababu nimezoea kuona watu wakiingia chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Kisha mzee akaanza na gurudumu la nyuma kushoto. Kwa magari yetu yenye usukani kulia, masta silinda hukaa upande wa kulia mbele, kwa hiyo gurudumu la nyuma kushoto ndilo la mbali zaidi. Baada yake hufuata la nyuma kulia, kisha la mbele kushoto, na kumalizia la mbele kulia. Mzee alisema yapo magari ambayo mtengenezaji ameagiza mpangilio mwingine, na kwamba hilo ni la kuuliza kabla ya kugusa spana.

Alivika mrija wa plastiki unaopenyeza mwanga kwenye skrubu ya kutolea upepo, upande wa pili akauzamisha kwenye chupa iliyokuwa na mafuta mapya kidogo chini, ili hewa isirudi ndani. Kijana alikaa kwenye kiti cha dereva. Mazungumzo yao yalikuwa mafupi na ya utaratibu usiobadilika: "Kanyaga." "Nimekanyaga." "Shikilia." Hapo mzee hulegeza skrubu, mafuta hukimbia kwenye mrija, na pedeli hushuka. Kisha huikaza kwanza ndipo aseme, "Achia." Ukiachia kabla skrubu haijakazwa, gurudumu huvuta hewa na kazi yote inaanza upya. Chini ya pedeli alikuwa ameweka kipande cha mbao ili isifike sakafuni. Nilipouliza sababu, alieleza kwamba katika gari la miaka mingi sehemu ya ndani kabisa ya masta silinda haijapitiwa na mipira kwa muda mrefu, hivyo huwa na kutu na uchafu, na ukiisukuma mipira mpaka huko kwa mara ya kwanza inaweza kukwaruzika na kuanza kuvujisha. Kwa nilivyoelewa, kipande hicho cha mbao kinaweza kumwokolea mteja gharama ya masta silinda nzima, na sijawahi kukiona kwingine.

Mrija ulikuwa wa kuangaliwa. Mwanzoni ulijaa rangi ya kahawia iliyokoza, yenye chembe na mapovu madogo. Baada ya mikanyago kama kumi rangi ikaanza kupauka, ikawa ya asali, kisha ghafla mstari kati ya mafuta ya zamani na mapya ukaonekana ukitembea ndani ya mrija, nyuma yake ukiwa mweupe wenye unjano hafifu sana. Mzee hakuacha hapo. Aliongeza mikanyago mingine minne, akaniita nitazame, na ndipo akaikaza skrubu. Kila baada ya mikanyago michache kijana alishuka kuangalia kikopo na kuongeza, kwa sababu kikikauka hewa huingia kutokea juu.

Gurudumu la nyuma kulia ndilo lililotuchelewesha. Skrubu yake ilikuwa imeshikwa na kutu, na spana ilipowekwa haikusogea. Nimeona mahali pengine skrubu ya namna hiyo ikilazimishwa mpaka ikakatika, na mteja akaambiwa anunue silinda mpya. Mzee aliipulizia dawa ya kulegeza kutu, akaigongagonga kichwani kwa nyundo ndogo, akaiacha. Alikwenda kunywa chai. Alirudi, akaipulizia tena, akaivalisha spana ya kufunika pembe zote sita, akaisukuma kidogo upande wa kukaza na kidogo upande wa kulegeza, mara nyingi, bila kutumia nguvu. Ilichukua karibu saa moja na nusu. Ilipolegea ilitoa mlio mdogo, na mzee akasema, "Alhamdulillahi," kwa sauti ya mtu aliyekuwa ameshajiandaa kwa habari mbaya. Aliitoa yote, akaisafisha uzi na tundu lake, na baada ya kazi akazivika skrubu zote nne vifuniko vya mpira vya kuzuia vumbi na maji, kwa sababu viwili vyangu havikuwepo. Mafuta yaliyotoka hapo yalikuwa meusi kuliko ya magurudumu mengine yote.

Magurudumu ya mbele yalikwenda haraka. Jumla ya mafuta mapya yaliyotumika ilikuwa chini kidogo ya lita moja, na yaliyobaki chupani alinishauri nisiyahifadhi.

Katika jambo moja huduma hii ina upungufu, na mzee mwenyewe ndiye aliyenitajia kabla sijaliuliza. Ndani ya kifaa cha ABS hubaki mafuta kidogo ya zamani ambayo hayatoki kwa kukanyaga pedeli, na kuyatoa kunahitaji mashine ya uchunguzi inayounganishwa kwenye gari na kuiamuru pampu ya ABS ifanye kazi. Hana mashine hiyo. Alipendekeza niendeshe kwa wiki chache, kisha nirudi atoe mafuta kidogo katika kila gurudumu bila malipo ya ufundi, ili yale yatakayokuwa yamechanganyika yapungue. Nilirudi, na ahadi hiyo aliitimiza. Hata hivyo, mwenye gari la kisasa zaidi, ambalo mtengenezaji wake ameagiza mashine hiyo itumike, ningemshauri aulize kwanza au atafute gereji iliyo nayo.

Jambo la pili ambalo sikuliridhia ni namna wanavyohifadhi mafuta machafu. Yaliyotoka kwenye gari langu yalimiminwa kwenye dumu lilelile la oili chafu za injini. Vitu hivi viwili havipaswi kuchanganywa, kwa kuwa mafuta ya breki huiharibu oili ambayo ingeweza kusafishwa na kutumika tena, na dumu la pili lisingemgharimu mzee kitu kikubwa. Nilimweleza kwa heshima, akasikiliza. Niliporudi mara ya pili dumu lilikuwa bado ni moja. Vilevile hawavai glovu, ingawa kimiminika hiki si kizuri kwa ngozi wala macho. Mahali pa kusubiri ni benchi moja chini ya mwarobaini, na jua likigeuka huna kivuli. Kazi iliyoanza saa tatu asubuhi iliisha saa nane mchana, ingawa bila ile skrubu ya nyuma kulia naamini ingeisha mapema zaidi.

Kuhusu gharama, nililipa shilingi 45,000 za ufundi na 30,000 za mafuta, jumla 75,000, na niliandikiwa risiti ya mkono iliyotaja aina ya mafuta, kiasi na tarehe. Nikilinganisha na nilivyokuwa nikilipa mara kwa mara kwa kuongezewa mafuta yasiyofika popote, naiona bei hii ni ya haki. Wapo watakaosema ni nyingi kwa kazi isiyobadilisha kifaa chochote. Wakumbuke kwamba magari haya yalikotoka hufanyiwa ukaguzi wa lazima uitwao shaken, miaka 3 baada ya kununuliwa mapya na baada ya hapo kila miaka 2, na mafuta ya breki ni miongoni mwa vitu ambavyo kwa kawaida hubadilishwa wakati huo. Gari likishashushwa bandarini kwetu, mazoea hayo hukoma siku hiyohiyo. Langu lilikuwa limekaa nami miaka sita, maana yake vipindi vitatu vizima vilipita, na katika muda huo nilikuwa nimebadilisha redio, taa na matairi.

Tulilijaribu gari pamoja kabla sijalipa. Kwanza mzee alinitaka nikanyage pedeli injini ikiwa imezimwa na kuishikilia kwa nguvu kwa muda wa kuhesabu hadi thelathini, ili tuone kama inashuka polepole, jambo ambalo lingeashiria uvujaji ndani ya masta silinda. Haikushuka. Kisha tukatoka hadi barabara tupu tukasimama mara kadhaa kwa mwendo tofauti. Pedeli ilikuwa inashika juu zaidi na mapema zaidi kuliko nilivyokuwa nimezoea, kiasi kwamba mara ya kwanza nilifunga breki kwa kishindo. Tuliporudi alikagua skrubu zote nne kwa kidole kama zimelowa, akaosha kwa maji sehemu zote mafuta yalipodondoka, na akabandika chini ya boneti kipande cha utepe mweupe wa gundi alichokiandika kwa kalamu ya wino: DOT 4, mwezi na mwaka, na mwezi na mwaka wa kurudi, miaka 2 baadaye.

Wiki iliyopita nilimrudisha mama Lushoto na kushuka peke yangu. Safari hii niliweka gia ndogo tangu juu na kuiacha injini ilishike gari, kama mzee alivyonisisitizia, akisema kwamba mafuta mapya huongeza nafasi ya usalama lakini hayaondoi joto. Nilisimama Soni kwa makusudi nikakanyaga pedeli, na nilisimama tena Mombo chini kabisa. Mahali iliposhika Soni ndipo iliposhika Mombo.

Anayetaka kwenda afike mapema, kabla ya saa tatu, kwa sababu wanachukua magari mawili tu ya kazi hii kwa siku. Ijumaa wanafunga saa sita kwa ajili ya swala na kufungua tena saa nane. Chupa ya mafuta unaweza kuja nayo mwenyewe, mradi kizibo chake kiwe hakijaguswa.